Shimo la Mguu wa Kushoto

Jumatatu iliyopita nilimkabidhi arbab, bosi wetu wa uwanja, funguo tatu: ya geti, ya stoo na ya bomba kuu la maji. Nimefikia umri ambao kibali cha kazi hakiongezwi tena bila mtu kukupigania, na hakuna anayempigania mzee wa reki. Kabla sijapanda ndege, nyinyi wanne mnaobaki uwanjani mmeniomba niwaandikie jinsi ya kutunza kichuguu cha mrushaji, kwa sababu mnasema nikieleza kwa mdomo naanzia Ras Al Khor na kuishia Voi. Ni kweli. Niliacha shule darasa la sita, na tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa maswali mengi na vituo vingi.

Basi naandika. Nitaeleza habari za udongo, maji na kishindilio. Lakini siwezi kuzieleza bila kumtaja Keith, Mkanada aliyekuja hapa kutafuta nafasi yake ya mwisho katika besiboli ya kulipwa, na kosa nililofanya kwa mikono hii asubuhi moja. Wawili kati yenu mmewahi kulisikia nusunusu. Hapa lipo lote.

Nilizaliwa Voi. Nimekata mkonge, nimepasua mawe, nimeosha masufuria katika hoteli mbili za Mombasa, na mwishowe jamaa mmoja akanitafutia viza ya Dubai. Miaka kadhaa nilibeba vipuri vya magari yaliyochinjwa kule Ras Al Khor: giaboksi, rejeta, milango isiyo na magari. Siku moja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, nilitumwa kupeleka pampu ya maji mahali nje kidogo ya mji. Nikakuta kitu ambacho sikuwahi kukiona. Katikati ya mchanga mweupe palikuwa na majani mabichi yaliyokatwa sawasawa kama keki, na ndani yake udongo mwekundu. Mwekundu kabisa, kama wa kwetu. Nilikuwa sijauona udongo wa rangi ile tangu niondoke nyumbani.

Nilisimama nikiutazama mpaka mzee mmoja mwembamba aliyevaa kofia ya kushonwa kwa mkono akaniambia kwa Kiswahili cha Unguja, "We bwana, kama umekuja kutazama, tazama huku unasukuma hilo toroli."

Nilimuuliza amejuaje kwamba nasema Kiswahili. Akasema nilikuwa nikijisemea mwenyewe kwa sauti, na kwamba watu wanaojisemea hufaa kwa kazi ile, maana hakuna mwingine wa kusema naye. Nikasukuma toroli. Miezi mitatu baadaye makaratasi yangu yalihama kutoka kwa kafeel, yaani mdhamini, wa vipuri kwenda kwa kafeel wa uwanja.

Huyo alikuwa Mzee Suleiman, ambaye sote tulimwita Mzee Sule. Familia yake ilihamia huku kutoka Unguja kabla hajaota ndevu. Ujana wake wote aliumalizia Al Jaddaf akitia kalafati, yaani kuziba nyufa za vyombo vya mbao kwa pamba na mafuta. Macho yalipopungua akaja uwanjani, kwa kuwa, alisema, nyufa za udongo ni kubwa zaidi. Besiboli yenyewe aliidharau. Aliiita mchezo wa kusubiri. Lakini kichuguu alikiheshimu kama chombo kinachokwenda majini na watu ndani.

Naandika pia kwa atakayekuja baada yenu bila kujua kitu, kama mimi nilivyokuja. Mrushaji husimama juu ya kilima kidogo cha udongo, hicho ndicho kichuguu. Mbele yake, hatua kama kumi na nane za mtu mrefu, amesimama mpigaji na gongo lake, na nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji. Mrushaji husukuma kwa mguu mmoja kwenye kibao kilichofukiwa juu ya kichuguu, anatupa mwili wote mbele, na kutua kwa mguu wa pili. Pale anapotua ndipo shimo linapochimbika. Uzito wote wa mtu, mbio zote za mkono wake, huishia kwenye kipande cha udongo kisichozidi sinia la chai. Kikishika, mpira unakwenda. Kikiteleza, goti, nyonga au kiwiko kitalipa.

Shimo hilo linazibwa hivi. Kwanza unafagia vumbi na udongo uliolegea mpaka ukute udongo mgumu. Pili unaukwaruza huo mgumu kwa reki ya misumari uwe na makovu. Tatu unaulowesha, halafu unasubiri. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu kusubiri hakuonekani kama kazi na arbab akipita anadhani umelala. Unasubiri mpaka udongo ukikamate kidole chako bila kukipaka. Ndipo unaweka udongo mpya wa mfinyanzi, tabaka jembamba, unashindilia kwa kishindilio kilichofungwa gunia ili kisinate, kisha tabaka jingine. Ukimaliza unafunika. Shimo refu lilale siku nzima kabla halijakanyagwa kwa nguvu. Katika hewa hii, udongo usiofunikwa asubuhi huwa biskuti kabla ya adhuhuri.

Wiki yangu ya kwanza niliruka hatua ya pili na ya tatu. Nilimwaga udongo mpya juu ya mkavu, nikaulainisha kwa maji ya juujuu, ukapendeza mno. Mzee Sule alikuja, akaingiza ncha ya kisu pembeni, akakiinua kiraka chote kizima kama kifuniko cha chungu.

"Umeupaka poda," alisema. "Bibi harusi huyu hana mifupa."

Akanifanya nilirudie shimo lile mara nne. Nakumbuka aibu yangu hadi leo, kwa hiyo siwezi kusema sikufundishwa.

Keith alikuja msimu wa baridi wa mwaka wangu wa nne. Ninaposema baridi mnajua ni baridi gani. Yeye alikuwa anatembea kifua wazi wakati sisi tumevaa sweta. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mabega mapana, na namna ya kutembea ya mtu anayesikiliza viungo vyake. Dada yake alifanya kazi katika ofisi moja Jumeirah Lake Towers, na Keith alikuwa akilala kwenye kochi lake. Alizungumza na arbab, arbab akamruhusu kutumia uwanja asubuhi bure, kwa sharti la kuwafundisha watoto wa wanachama siku za Ijumaa. Siku ya kwanza nilimwita sir. Akasema yeye hajawahi kuwa sir wa mtu, nimwite Keith. Mzee Sule hakumwita hivyo wala vile. Alimwita Bwana Barafu.

Keith alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akinywa chai yetu ya maziwa, na mimi nikamuuliza maswali. Sikuwa nimekutana na mtu aliyelipwa kurusha mpira. Alinieleza kwamba kwao, katikati ya Kanada, uwanja hutokea chini ya theluji mwezi wa tano, na katika utoto wake yeye na baba yake waliutoa kwa sepetu. Mvulana wa Florida au wa Jamhuri ya Dominika hucheza mwaka mzima. Mvulana wa kwao hucheza miezi mitatu, na mingine anarusha mpira ndani ya ghala la ngano, akilenga godoro lililosimamishwa ukutani. Kwa hiyo watu wanaosaka wachezaji hawafiki huko mara nyingi. Anayefika humwona mvulana siku moja tu, na siku hiyo inaweza kuwa na mvua.

Alisema katika kila timu aliyochezea jambo la kwanza lilikuwa kutafuta kama kuna Mkanada mwingine. Akiwepo, walikaa pamoja kwenye basi. Wenzao waliwaita watu wa hoki hata kama hawajawahi kushika gongo la hoki. Yeye hakujua hata kuteleza kwenye barafu vizuri. Kila akirusha vibaya kulikuwa na mtu wa kumwambia akachukue viatu vyake vya barafu. Alicheka alipoyasimulia, lakini aliyasimulia mara nyingi mno kwa mtu anayecheka.

Miaka kumi na moja alizunguka katika timu za chini, basi usiku kucha, hoteli za kando ya barabara kuu. Katika miaka hiyo yote alipanda ligi kubwa kwa siku kumi na moja. Alirusha mara tatu. Aliweza kukutajia kila mpigaji aliyemkabili na mpira gani alimrushia. Mimi mtu wa kuhamahama nilimuuliza kwa nini hakuacha. Akaniuliza kama nimewahi kukaa mahali siku kumi na moja nikajua ndipo pangu. Nilifikiri sana. Nikamwongezea chai.

Siku nyingine alikuta mimi na Mzee Sule tunabishana habari za jamaa mmoja wa Mombasa aliyefutiwa viza na kafeel wake kwa kuchelewa kazini. Akauliza kafeel ni nini. Nikamweleza kwamba ni mtu ambaye jina lake liko kwenye kibali chako. Akikukataa huna kazi, na ukiwa huna kazi huna ruhusa ya kuwepo.

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nimekuwa na kafeel miaka kumi na moja," alisema. "Sikujua tu kwamba ana jina."

Kisha akaeleza. Mmarekani akiachwa na klabu yake anarudi kwao, analala kwa mama yake na kupiga simu kwa klabu nyingine. Mkanada viza yake imeandikwa jina la klabu. Asubuhi unaitwa ofisini kwa kocha, wanakushukuru, na kabla ya wiki kwisha inakubidi uwe umevuka mpaka. Yeye alishakwenda nyumbani namna hiyo mara nne. Mara ya mwisho ilikuwa miezi mitano kabla ya kuja Dubai, na simu yake ilikuwa haijalia tangu hapo.

Mzee Sule alimsikiliza, nami nikimtafsiria. Akasema, "Mwambie Bwana Barafu akitaka kujifunza kushika reki, kafeel wetu angalau anatufukuza bila kutushukuru."

Wiki kumi Keith alirusha kwenye kichuguu chetu. Mguu wake wa kushoto ulichimba shimo lake, refu la kina cha kiganja, limepinda kidogo ndani kama sikio. Kila nilipotaka kuliziba vizuri alinizuia. Alitaka lifunikwe kwa gunia bichi, basi. Alisema baada ya miaka mingi ya kutua kwenye mashimo ya watu wengine, mguu wake umepata lake, na anapotua humo hahitaji kufikiri. Mzee Sule aliona ni uvivu wa kupendeza, akakubali. Kasi ilianza kurudi. Mdakaji wake, Mjapani wa kampuni moja ya mizigo, alianza kuweka sponji ndani ya glavu.

Halafu simu ikalia. Mtu mmoja wa klabu moja ya Marekani alikuwa akirudi kutoka Asia na angepitia Dubai. Angekuwa na asubuhi moja kati ya ndege mbili. Angekuja kumtazama kwa dakika ishirini. Keith aliniambia hivi akiwa ameshika uzio kwa mikono yote miwili. Alisema akikataliwa safari hii hatapiga simu tena, amekwisha kumwahidi dada yake. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nimekaa kwenye foleni za dakika ishirini mimi pia.

Wiki hiyohiyo Mzee Sule alilazwa hospitali kwa figo. Kwa mara ya kwanza uwanja ukawa wangu. Nilimpigia simu siku moja kabla ya mgeni kufika, nikamwambia arbab analalamika kwamba lile shimo ni baya. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Usiliguse," alisema. "Na kama utalazimishwa, likwaruze, linyweshe, ulisubiri. Hata wakikutukana, lisubiri. Umenisikia, Mwadime?"

Nilimsikia.

Asubuhi ile nilifika alfajiri. Upepo ulikuwa umelipeperusha turubai pamoja na gunia, na shimo lilikuwa limekauka hadi chini. Saa kumi na mbili na nusu arbab akaja na mpiga picha. Alitaka mgeni aone uwanja kama zulia, na picha zipelekwe kwa wanachama. Alipita kwenye majani akasifu, akapita kwenye mistari ya chokaa akasifu, akafika kwenye kichuguu akasimama.

Nilimweleza kwamba mrushaji mwenyewe ndiye ameomba shimo liachwe. Akaniambia mgeni akiona shimo atadhani amekuja shambani. "Ziba. Yalla, khalas." Akaenda kunywa kahawa.

Nilikuwa na saa moja na nusu. Hapa nataka niwe mkweli, kwa sababu nimeisimulia hadithi hii kwa namna tatu tofauti kwa watu tofauti, na katika zote arbab ndiye mwenye kosa. Arbab alisema nilizibe. Hakusema nilizibe vibaya. Muda wa kukwaruza ulikuwepo, na wa kulowesha ulikuwepo. Wa kusubiri usingetosha kwa shimo refu vile, lakini ungetosha kuliko nilivyofanya. Mimi nilikwenda kwanza kunyoosha mistari ya chokaa ambayo ilikuwa imenyooka. Nikamwagia majani maji mara ya pili yang'ae. Nilitaka yule mtu wa Marekani aulize nani ametengeneza uwanja huu, na nilikuwa nimeshaandaa jinsi ya kusimama atakapouliza. Niliporudi kwenye shimo zilibaki dakika kumi na tano. Nikamwaga udongo mpya juu ya mkavu, nikashindilia, nikapitisha maji juu kwa kitambaa. Kikawa laini kama yai. Niliupaka poda.

Keith alifika akiwa amenyoa. Dada yake alikuja naye, amekaa kwenye benchi na mkoba mapajani kama aliyekuja kliniki. Mgeni alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kifaa cha kupimia mwendo kama cha askari wa trafiki. Walisalimiana, wakataja majina ya watu wanaowajua wote wawili. Keith akapasha mkono moto kando, kisha akapanda kichuguuni. Akatazama chini.

Aliniita kwa kidole. Nilikwenda.

"Umeliziba," alisema.

"Arbab ametaka."

Hakukasirika. Alikanyaga pale kwa kisigino mara mbili, akasikiliza. Kisha akaniuliza swali ambalo ni mtu aliyekaa wiki kumi juu ya ndoo yetu tu angeweza kuliuliza. "Ulilowesha chini?"

Mgeni alikuwa anatazama saa. Ningesema hapana, Keith angeomba nusu saa, na mgeni angempa au asingempa. Pengine angerusha kutoka chini, kwenye majani. Pengine angetua kwa woga. Sijui. Nilichojua ni kwamba nikisema hapana nitaonekana mtu asiyejua kazi yake, mbele ya arbab, wiki ya kwanza ya uwanja kuwa wangu.

"Ndiyo," nilisema.

Akanipiga begani kidogo, akageuka.

Mipira kumi ya kwanza alirusha polepole. Baada ya hapo akaanza kurusha kweli. Mpira ulipoingia kwenye glavu ya Mjapani ulisikika kama mlango unaobamizwa. Mgeni aliacha kutazama saa. Akasogea upande, akainua kifaa chake, akaandika, akainua tena. Alimuuliza Keith kitu, Keith akacheka, na dada yake kwenye benchi aliuweka mkoba chini. Hilo nalikumbuka kuliko mengine. Aliuweka chini kwa sababu alianza kuamini.

Mgeni akaomba mipira mitano ya mwisho, kwa nguvu zote. Miwili ilipita salama. Wa tatu, mguu wa kushoto ulipotua, kiraka kikabanduka kizima kama ukoko wa wali unavyobanduka sufuriani. Mguu ukaenda mbele pamoja nacho, mwili ukabaki nyuma. Nilikuwa mbali, karibu na stoo, na bado nilisikia mlio wa goti, kama ufito unaovunjwa juu ya paja. Mpira ulipita juu ya kichwa cha kila mtu ukagonga uzio.

Hakupiga kelele. Alikaa chini juu ya kichuguu akiushika mguu kwa mikono miwili. Mgeni alikuja haraka, akachuchumaa, akasema maneno mema. Alikuwa mtu mwema. Lakini niliona alivyokizima kile kifaa na kukirudisha kwenye mfuko wake, na kufunga zipu.

Nilikimbia na barafu. Nilipofika Keith alikuwa ameshika kile kiraka mkononi. Alikigeuza. Upande wa juu ulikuwa mwekundu, unang'aa, una alama ya meno ya kiatu chake. Upande wa chini ulikuwa mkavu, mweupe wa vumbi, laini kabisa, bila kovu hata moja. Alikitazama, akanitazama mimi. Nilisubiri aseme. Arbab alikuwa anakuja mbio, kanzu ameishika juu, anauliza nini kimetokea, kichuguu kimefanya nini, nani amefanya nini.

Keith alikirudisha kiraka chini, upande mkavu ukiwa chini.

"Goti," alimwambia arbab. "Ni bovu siku nyingi. Uwanja hauna shida."

Siku tisa nilikula bila kujua ninachokula. Siku ya kumi nilivaa shati la kanisani nikaenda Jumeirah Lake Towers. Mlinzi wa chini alikuwa kijana wa Nyeri, alinisikia nikitaja namba ya nyumba akaniuliza kwa Kiswahili, "Mzee, ni wewe unamjua yule mzungu wa magongo? Hata chini hashuki." Akanipandisha.

Keith alikuwa kwenye kochi, mguu umefungwa chuma kutoka paja hadi kifundo. Daktari alikuwa amemwambia zimekatika kano mbili, na kwamba atatembea vizuri. Daktari aliona hiyo ni habari njema. Nilisimama, maana sikuweza kukaa, nikamwambia sikulowesha chini, na kwamba nilisema uongo.

"Najua," alisema. "Niliona."

"Mbona hukumwambia arbab?"

"Ningemwambia, ungepanda ndege kabla yangu."

Nilianza kulia kama mtoto, mtu wa miaka hamsini na kitu. Nikamwomba msamaha. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Sikukusema kwa sababu najua kufukuzwa kukoje. Lakini usije hapa kutaka nikuambie si kitu, Mwadime. Ni kitu. Kilikuwa kitu changu chote."

Dada yake alinifungulia mlango. Hakunitazama.

Kutoka pale nilikwenda hospitalini kwa Mzee Sule. Nilimweleza kila kitu. Aliuliza swali moja tu, kama nililikwaruza. Nikasema hapana. Alifumba macho. Kisha akasema, "Basi nenda kalikwaruze. Lingalipo." Nilirudi uwanjani saa ileile, juani, nikafagia, nikakwaruza, nikalowesha, nikasubiri. Nilisubiri zaidi ya ilivyohitajika. Lilikuwa shimo la mtu asiyerudi. Mzee Sule alifariki kabla ya joto kuanza. Wanawe walimzika huku. Reki ya misumari mnayoitumia ni yake. Mpini tu ndio nilioubadilisha.

Keith aliondoka kwa magongo mwezi uliofuata. Sikumwona tena. Miaka miwili baadaye mlinzi yule wa Nyeri aliniambia kwamba yule dada alimwambia ndugu yake anaendesha gari la kusukuma theluji barabarani, huko kwao. Mchezo hautazami hata kwenye televisheni.

Nimekaa uwanjani miaka mitano baada ya hapo, na kwangu mimi huo ni ukaaji mrefu kuliko wowote. Watu wananiuliza kwa nini sikuhama kama kawaida yangu. Nilizoea kuondoka mahali kabla kosa langu halijanijua jina. Hapa niliona nibaki nalo. Nimeziba mashimo mengi tangu wakati huo na hakuna hata moja lililobanduka. Siyasemi haya ili mnisifu. Hayo mashimo mengine hayakuwa na mtu wa dakika ishirini juu yake.

Jumatatu, nilipokabidhi funguo, niliona nimwambie arbab ukweli. Hawezi kunifuta tena. Nimeshajifuta kwa umri. Nilimweleza habari ya kiraka, ya upande mkavu, ya uongo wangu. Alinisikiliza akihesabu funguo. Kisha akakunja uso, anajaribu kukumbuka.

"Keith yupi?" aliuliza. "Yule wa hoki?"

Nikasema ndiyo, huyo.

Akasema inshallah nisafiri salama.

Sasa kazi. Stoo, rafu ya juu, nyuma ya kopo la chokaa, kuna kitu kimefungwa kwenye gunia. Ni kile kiraka. Nilikiokota jioni ileile, na hakijavunjika kwa sababu nilikishindilia vizuri sana kwa juu. Kila mtu mpya atakayekuja, kabla hajashika reki, mpeni akishike. Atakisifia, maana bado kinapendeza. Mwacheni akisifie. Halafu mwambieni akigeuze.